Faili la Mama

Kwa dada yangu mpendwa,

Hujambo? Watoto hawajambo? Shemeji anaendeleaje na mgongo? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechakaa.

Umeniuliza kama ni wewe uliyemuua mama kwa vidonge. Unasema alilalamika kutetemeka na kutoka jasho, ukamwambia aache kudeka, ameze. Dada, aliandikiwa viwili, ukampa viwili. Kosa lako liko wapi?

Kazi yangu pale masjala ya hospitali unaijua, ingawa mama aliwatangazia majirani kwamba mimi ni nusu daktari. Nasoma alichoandika daktari, nakipa namba ya ugonjwa, naingiza kwenye kompyuta, kisha natia sahihi kwenye faili. Kwa mwenye kisukari haitoshi kusema sukari imemsumbua. Lazima ijulikane imepanda au imeshuka. Daktari asipotaja, faili linarudishwa kwake ghorofa ya tatu, hata akinuna.

Siku ile mama alipozimia sokoni, walimzindua, na daktari wa zamu akaandika tu kwamba sukari haijadhibitiwa. Mama akaja na faili dirishani kwangu. Akasema miguu inamuuma, nimfanyie upesi, la sivyo kuna faida gani kuwa na mtoto ofisini? Foleni nzima ikacheka, nami nikajiona mtu. Sikupanda ngazi. Wengi huwa imepanda, basi na yeye nikamjazia imepanda.

Kumbe ilikuwa imeshuka. Karatasi ya kipimo ilikuwa imebanwa nyuma ya faili, nami niliiona baada ya mazishi. Daktari wa kliniki alisoma nilichoingiza mimi, akamwongezea kidonge cha pili cha kushusha sukari.

Jana nimemweleza mkuu wangu, amenisimamisha kazi. Lakini wewe ndiye niliyekuogopa zaidi. Siku tulipogawa nguo za mama ulilia begani kwangu, ukisema umemuua. Nilikupapasa mgongo tu. Karatasi ile nilikuwa nimeshaiona, dada. Nilijua, nikakuacha ulie.

Ile pakiti ya vidonge unayoificha kabatini, itupe. Haina ushahidi wowote dhidi yako. Ushahidi uko kwenye faili, na una sahihi yangu.

Nisalimie watoto na shemeji. Ukiona si vyema kuwafikishia salamu zangu, nitaelewa.

Wako mwenye majuto,
Mdogo wako