Ile Saa Iliyopotea Kati ya Kinshasa na Goma

Majengo, Goma
14 Oktoba 2024

Kwako dada yangu Olive,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hapo Bukavu hamjambo. Mimi mwili ni mzima, ila nyumba imepooza. Najua mke wangu Nshobole amekupigia simu toka kwa shangazi yake kule Murara, na najua hakunisifu. Sasa usikie na upande wangu.

Kazini kwao walimtuma Kinshasa wiki mbili kwa formation, yaani mafunzo. Wiki mbili hizo nililala na simu mkononi. Asipojibu, nilimwona akicheka na wanaume wenye suti. Ndiyo, nina wivu, wala sifichi.

Jumapili ya kurudi aliniandikia kwamba ndege inaruka saa mbili asubuhi. Nikasoma kwenye simu: Kinshasa hadi Goma ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, mwendo wa masaa mawili na robo hivi. Nikapiga hesabu. Saa nne na robo atakuwa chini, saa tano yuko mlangoni. Chakula kikapoa. Aliingia saa sita, na aliyembebea masanduku ni Carlos, yule dereva wa taksi mwenye mashati ya kubana!

Hata pole ya safari sikumpa. Nilimuuliza ile saa moja waliipitishia wapi. Carlos akaapa kwamba alimchukua uwanjani wakaja moja kwa moja: "Papa, nilimutosha ku aéroport, tukakuya tu direct." Nikamwambia afunge mdomo. Nshobole aliniangalia sana, kisha akasema: "Kama haujue ile saa iko wapi, uitafute we mwenyewe." Tangu hapo hatukusemeshana. Alhamisi akafunga nguo zake, akaenda Murara.

Dada, saa yenyewe niliipata Jumatatu asubuhi, kesho yake tu. Redio ilisema, kama inavyosema tangu tukiwa watoto, kwamba ni saa kumi na mbili Kinshasa, saa moja huku mashariki. Saa mbili yao ni saa tatu yetu. Mke wangu hakuchelewa hata kidogo. Nilijua hayo naye akiwa bado jikoni anachemsha chai, nikanyamaza mpaka akaondoka.

Sababu yenyewe nakuambia wewe, nawe umwambie yeye peke yake. Carlos namsingizia tu. Mimi sijawahi kupanda ndege. Siku ile, kabla hata hajakaa, alianza kunieleza jinsi mto wa Kinshasa unavyoonekana kutoka juu, uso unang'aa kwa furaha ambayo sikumpa mimi. Iliniuma. Nikaona afadhali nimgombeze kuliko kusikia.

Mwombe arudi. Mwambie aanzie pale mtoni nilipomkatiza, nami nitasikiliza mpaka atue.

Unisalimie shemeji na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Mungu awalinde wote.

Ni mimi mdogo wako,
Akonkwa