Barua Niliyoisoma Mwenyewe

Gungu, Kigoma
17 Agosti 2025

Mpendwa dada Honorata,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Urambo, wewe, shemeji na watoto. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa kukausha tumbaku kimetulia? Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu anayebeba saruji. Mgongo unalalamika, lakini asubuhi unainuka.

Bado niko Kibirizi, napakia mizigo kwenye maboti ya Kongo. Siku kazi ipo, siku haipo.

Dada, nakuandikia kuhusu binti yangu Wema. Unajua tangu mama yake afariki anaishi na mama yetu kule Kakonko. Mwezi ujao anafanya mtihani wa darasa la saba, nami nimegundua kuwa hajui kusoma.

Herufi anazijua. Jina la duka anasoma, ujumbe mfupi anasoma. Ukurasa mzima ndio unamshinda. Akifika mstari wa tatu, wa kwanza umeshamtoka.

Kosa ni langu. Simu kubwa nilimnunulia mimi, baada ya kuambiwa kwamba siku hizi masomo yote yamo humo. Na ni mimi niliyesema tutumiane sauti, kwa sababu nikitoka kazini vidole havikunjiki kushika kalamu. Miaka minne tumeishi hivyo. Nilipomsikia akinieleza habari za volkano na za moyo wa binadamu, nilijisifu mbele ya wenzangu. Siku moja nikamwuliza, damu inazunguka ili iweje? Akanijibu, "Sijui baba, video iliishia hapo."

Unakumbuka sisi tulivyojifunza? Baba akiwa Tanga kwenye mkonge, barua yake ikifika mama aliniketisha mkekani nimsomee, wewe ukinisahihisha. Nikikwama, nyumba nzima ilingoja. Barua moja tuliisoma hata mara saba, maana nyingine haikuja mpaka mvua zipite. Shule niliiacha darasa la tano, lakini kusoma hakukuniacha.

Basi Julai nikaandika kurasa mbili, nikampa kondakta wa basi la Kakonko. Bonifasi, ninayebeba naye, alinicheka sana: "Mzee wa stempu, bando limeisha?" Nilitaka Wema amsomee bibi yake, kama nilivyokuwa nikisoma mimi.

Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa ameipiga picha barua yangu, kurasa zote mbili, na sauti ikafuata: "Baba, mwandiko wako kama kuku kapita! Isome mwenyewe utume, bibi anasubiri."

Mama anasema Wema alihangaika nayo kwanza, akatokwa jasho, kisha akaiweka chini.

Nimeambiwa nisihofu, kwamba mtihani wenyewe ni kuchagua herufi ya jibu na kuitia kivuli kwa penseli, na wengi hupita hivyo. Huenda naye atapita. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, maana akishapita hakuna atakayerudi nyuma kumfundisha. Mimi siwezi kwenda. Nikikosa wiki moja, nafasi yangu ina mtu. Na simu siwezi kumnyang'anya, ndiyo njia pekee ya mama kunisikia.

Sikuombi kitu, dada. Najua na wewe umeelemewa. Nimekuandikia kwa sababu sina mwingine aliyebaki wa kuandikiwa.

Nisalimie shemeji Telesphory, pamoja na Edson na Erica. Mungu awape mvua ya kiasi na awakinge na maradhi. Ukipata nafasi, nijibu kwa karatasi. Ukiona ni kazi, basi, tuma sauti.

Barua ile niliisoma, dada. Nilikaa juu ya mifuko, Bonifasi akiwanyamazisha watu, nikaisomea simu. Nikafika pale nilipoandika, "Wema mwanangu, soma polepole, bibi hana haraka." Nikasita. Kisha na hiyo nikaisoma. Mama alifurahi mno. Alisema sauti yangu haijazeeka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Dismasi