Mabango ya Kulinda Msitu

Shoga, nimerudi kutoka kambi ya ofisi na bado siamini.

Unamjua bosi wangu na mambo yake ya mazingira. Kachapisha mabango hamsini ya plastiki, "Usiache chochote msituni", akanipa nyundo niyapigilie kwenye miti, njia nzima mpaka kambini. Nami nikapigilia, mjinga mimi.

Nikiwa kwenye la thelathini, askari wa msitu akatokea nyuma yangu. Akalisoma kwa sauti, taratibu. Halafu akaniuliza, "Na haya, dada, mtaondoka nayo?"

Nikamgeukia bosi. Mbele ya ofisi nzima akasema, "Hata mimi nashangaa. Nani kamtuma?"

Eti nani kamtuma. Mabango yenyewe yana sura yake, anatabasamu.

Askari akaangalia bango, akamwangalia bosi, akampa koleo. Tumeng'oa misumari mimi na bosi mpaka alasiri, wenzetu wamekaa mtoni wanatutazama. Kila tundu kwenye gome linatoa utomvu. Nimeona aibu, shoga, kwa ile miti hasa.

Nikadhani bosi naye kaguswa. Kwenye basi kanisogelea, kaninong'oneza, "Mwakani tutumie gundi."