Kwa Mize, Aliyenivuta Topeni Darajani

Mpendwa mke mwenzangu Mize,

Kwanza pokea habari njema, ujue umemwacha nani huku. Kutoka Paje mpaka Matemwe hakuna mwanamke mwenye bahati kama mimi. Mume ni wangu peke yangu. Zamu zako zote zimeniangukia: usiku wa leo wangu, wa kesho wangu, wa mtondo wangu. Kichwa cha samaki hakigawanywi tena, naletewa kizima kinanitazama. Nnalala kitanda kizima, mguu huku, mguu kule. Nimenenepa. Wanawake wanaopiga makumbi pwani wakiniona wanasema, "Bi Mkubwa, mambo yako!" Nami nawajibu, "Mambo ya Mungu, bibi wee."

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu. Darasa tatu nilizosoma mjini, kwa shangazi yangu wa mtaa wa Malindi, hazikwenda bure. Najua atakusomea kaka yako, na nyumba nzima itakaa kitako kusikiliza. Ndivyo ninavyotaka. Aisome kwa sauti, na jirani aliyetega sikio ukutani asogee karibu, asijichoshe shingo.

Unaikumbuka siku ile ya mjini?

Pandu alikuwa ameuza tanuu zima la chokaa, uso umemkunjuka, akasema, "Keshokutwa nawatembeza wake zangu mjini." Wewe ulikuwa bado bi harusi, hina haijakutoka vidoleni, na mimi na wewe tulikuwa hatusemezani ila kwa kupitia kuku. "Shh, kuku we, rudi ukale kwenu!" Nawe unamwambia kuku yuleyule, "Njoo, mwanangu, huku kuna riziki." Kuku yule alinenepa kwa ugomvi wetu.

Ilikuwa kiangazi, jua la kaskazi linapasua vichwa. Tukapanda gari la mbao, mimi mbele karibu na dereva, maana ndimi mke mkubwa, wewe nyuma kwenye magunia ya ndimu. Na mwanangu Tatu, mtoto niliyemzaa kwa uchungu wangu mwenyewe, akalia mpaka akapakatwa na wewe. Safari nzima nilikuwa nimevimba kama mandazi.

Dukani ndipo nilipofanya ujanja. Niliona kanga nyekundu imeandikwa *Nilitangulia Mimi*. Nikasema moyoni, hii ndiyo dawa, nitaivaa kila siku nipite nayo mlangoni kwa Mize. Nikamnong'oneza Pandu, "Nataka ile." Pandu, maskini, herufi za kanga kwake ni nyayo za kunguru. Akamwambia mwenye duka, "Nipe doti mbili. Sawasawa."

Nikamvuta kanzu. "Bwana, mwenzangu mchagulie nyingine."

"Haki, Bi Mkubwa. Mimi sitaki kufufuliwa ubavu mmoja umepinda."

Ukaifunua yako ukauliza kwa adabu, "Imeandikwaje, dada?" Nikajifanya nina kikohozi. Mwenye duka akaropoka, "Nilitangulia Mimi, mama. Wewe umetangulia, na yeye ametangulia!" Akacheka mpaka akaegemea majora ya nguo. Wewe ulitia kanga mdomoni, ukanitazama, ukasema, "Basi hapo Bwana ndiye aliyekuja wa mwisho." Mize, kicheko kilinipanda mpaka puani, nikakimeza. Nilikuwa bado nimekununia.

Baadaye nikashika uongozi. Nilikwambieni mji ule naujua nimefumba macho, na kweli tulikwenda kama watu waliofumba macho. Kila kichochoro kilizaa kichochoro, milango ya misumari ikawa yote baba mmoja mama mmoja, na kila tukipinda tunatokea kwa muuza kahawa yuleyule.

"Bwana," muuza kahawa akamwambia Pandu, "familia yako ina miguu! Nshawaona hapa tangu birika halijachemka. Kaeni basi mnywe."

"Tunapita makusudi," nikamjibu. "Tunamwonyesha bibi harusi mandhari."

Wewe ukasema taratibu, "Bahari iko kule, dada. Nasikia harufu yake." Tukakufuata. Nikasema na mimi nilikuwa napinda hukohuko.

Tukatokea Darajani, kwenye ule mkono wa bahari unaoutenga mji na Ng'ambo. Maji yalikuwa yametoka, pamebaki tope linalong'ara kama halua, madau ya kuni yamelala ubavu. Gari letu liko upande wa pili linapiga honi. Pandu akasema, "Daraja lile pale." Mimi nikasema daraja ni la wageni, sisi wa mjini tunakatia hapahapa. Nikakunja buibui, nikashuka.

Sina haja ya kukusimulia nilikofika. Uliniona. Goti, paja, kiuno. Kila nikivuta mguu huu, ule unaona wivu unazama zaidi. Ukutani wakajaa wachukuzi. "Mvuteni kwa pembe!" mmoja akapiga kelele. Pandu anazunguka na kanzu yake nyeupe kama kuku aliyepotelewa na yai, na maji, Mize, maji yalikuwa yameanza kurudi. Nilikuwa nikicheka kwa mdomo huku moyo unasoma shahada.

Wewe hukucheka. Ulimpa Pandu mtoto, ukashuka mpaka ukingoni, ukanikemea kwa sauti ambayo sikujua unayo. "Acha mateke! Jilaze kifua, we mwanamke, jitandaze kama pweza!" Ukaitoa doti yako mpya, vipande viwili bado havijakatwa, ndiyo maana ilikuwa ndefu ikanifikia. Ukaitupa. Nikaishika. Ukanivuta pole pole mpaka nikatoka, wala hukuniachia hata wachukuzi walipokuja kukusaidia.

Doti yako ikachanika ikawa tope. Njiani Pandu anashika kichwa, "Haki imeharibika, sasa mmoja anayo na mmoja hana." Nilipofika nyumbani nilichukua mkasi nikaikata yangu katikati, nikakuletea kipande. Sikukwambia ahsante, nilikwambia, "Shika, usije ukasema nina choyo."

Na kanga moja si vazi, ukijifunga kiunoni kichwa kiko wazi. Kila mwenye arusi au matanga ya kwenda akawa hana budi kubisha hodi kwa mwenzake. Tukaanza kwa kuazimana kanga, tukaja chumvi, tukaja siri. Tatu akawa anakula kwako na kulala kwangu, au kinyume chake, nani alijali. Kuku tukamchinja.

Baba yako alipougua ukaenda Tumbatu kumuuguza, kama mwana mwema. Pandu akangoja, akachoka, akakuandikia talaka. Nilimuuliza, "Alikosa nini?" Akasema, "Nyumba haina mpishi." Miaka yote hii mimi nilikuwa nikimchemshia mawe?

Sasa nasikia mzee anakaa kitako na kudai uji, alhamdulillahi. Na Pandu wiki iliyopita kaezeka upya paa la nyumba yako. Nikamuuliza, "Unamwezekea nani?" Akasema, "Mbuzi." Hatuna mbuzi, Mize.

Talaka ni moja, na eda yako haijesha, ingawa imebaki kidogo. Sheria inampa ruhusa akurejee kwa neno lake tu. Hataki. Anasema uliondoka kwa wema yeye akakulipa ubaya, kwa uso gani akutumie neno? Basi nakuuliza mimi, mbele ya hao wote wanaosikiliza: utarudi? Ukisema ndiyo, kaka yako aandike neno moja, nami nitamsimamisha Pandu mbele ya mashahidi kabla wali haujapoa. Ukisema hapana, andika hapana, usiitie sukari. Nitakuja mwenyewe Tumbatu nilie mbele yako, kisha nile kwako, kisha nirudi.

Mbusu baba mkono kwa niaba yangu. Tatu anakwamkia, na kila gari likisimama anatoka kuchungulia. Kaa salama, ndugu yangu niliyeletewa na mume.

Na yale niliyoanza nayo huko juu ni uongo. Sikunenepa, nimekonda. Kitanda kizima sikilali. Pwani siendi, nikipiga makumbi nimpigie nani hadithi? Wanawake hawaniambii "mambo yako", wananiambia "pole". Sina bahati hata punje, Mize.

Mimi,
Mke mwenzio