Nani kasaini?

Shoga, mume wangu ameamka. Na ameshajua kuhusu mguu.

Niko kwenye ngazi za wodi.

Kauliza, "Nani kasaini?" Nikasema mimi. Akageuzia uso ukutani. Shoga, akageuzia uso ukutani!

Siku ya Jumanne alipoanguka kule kwenye ujenzi, hukuwepo. Nyonga imevunjika, damu inavujia tumboni, mguu wa kulia umesagika. Daktari wa upasuaji akaniambia, "Mama, nikihangaika na mguu nitampoteza yeye. Mwili hauwezi kuhimili yote mawili."

Akanipa fomu ya kukubali mguu ukatwe. Na mimi na masomo yangu ya jioni, nikaanza kuisoma neno kwa neno, kidole kwenye mstari! "Mama, dakika zinakwisha." Nikaandika jina langu lote. Mwaka jana ningeweka dole gumba.

Basi leo, alipogeuka tena, akamwomba muuguzi faili. Akaitazama ile sahihi weee. Unajua ni yeye aliyekuwa akibaki na mtoto ili nikasome.

Akasema, "Mkono haukutetemeka."

Nikamwambia ulitetemeka, niliushikilia kwa wa pili.

Akacheka, tumbo likamuuma, akalia. Sijawahi kumwona akilia, shoga. Tukalia wote, muuguzi akavuta pazia.

Nilipoaga akanishika kidole. Akasema, "Sasa ni zamu yako kubaki na mtoto. Mimi naenda kujifunza kutembea."