Kilo Saba za Shangazi

Lemara, Arusha
Alhamisi, saa nane mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za hapo nyumbani, naomba niseme kwanza lililonifanya nishike kalamu, maana nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe, unanijua. Ninamdanganya Shangazi. Hii ni wiki ya saba, kila Jumamosi asubuhi, nikiwa nimepiga magoti mbele yake. Mpaka ninapoandika mstari huu sijamwambia mtu yeyote.

Sikuweza kusema kwa simu. Simu ya Baba ukiongea inasikika mpaka kwa jirani, na Shangazi ni dada yake. Barua hii ataileta dada mmoja wa hapa mtaani anayesoma chuo kule Makumira. Kwao ni hapohapo Kiomboi, anakuja likizo Jumatatu.

Natumaini kifua cha Bibi kimetulia na alizeti zimeshapukuchuliwa. Mimi ni mzima, nakula, nalala. Baridi ya huku nimeizoea, ila asubuhi nikiona Mlima Meru uko wazi hauna wingu, najua maji ya bomba yatauma vidole.

Mama, unakumbuka Baba alinituma huku nimsaidie dada yake wakati nasubiri matokeo, kwa sababu watoto wake wote wako mbali na magoti yanamsumbua. Wiki ile niliyofika nilimsindikiza kituo cha afya. Daktari alimwambia uzito umezidi, magoti yamechoka kuubeba, na presha iko juu. Akampa vidonge vya kunywa kila siku. Akamwambia apunguze mafuta na sukari, ale mboga nyingi, na atembee kila siku hata kama ni kidogo. Tulipokuwa tunatoka akaongeza kwamba akipungua vizuri wataangalia kama dawa nazo zinaweza kupunguzwa. Neno hilo Shangazi alilibeba kama ahadi.

Jikoni nikakabidhiwa mimi. Dumu la mafuta nililokuja nalo bado halijafika nusu, kwa sababu napima kwa kijiko. Nilipofika, Shangazi alikuwa anamimina tu akiwa anaongea, na ukimsikia anaongea sana ujue mboga inaogelea. Chai ya vijiko vinne vya sukari sasa ni kimoja. Ndizi za nyama tunapika bado, lakini nyama ni vipande viwili na nusu ya sahani ni mnavu au kabichi. Siku ya kwanza aliiangalia sahani akasema, "Naomi, hiki ni chakula au ni shamba? Ugali umeufukia wapi?" Akala. Kesho yake akala tena.

Na kutembea tunatembea. Saa kumi na mbili asubuhi anavaa raba za mtumba na kanga kiunoni, tunatoka hapa Lemara kuelekea Engutoto. Mara ya kwanza alipumzika mara nne kabla ya kufika hata nusu ya njia, akikaa juu ya jiwe na kujifanya anaangalia maua ya watu. Siku hizi anapumzika mara moja. Hilo ni kweli, Mama, sijaliongezea kitu.

Tatizo ni mzani. Aliununua sokoni, ule wa kusimama wenye mshale. Shangazi akisimama juu yake hauoni mshale, tumbo linauziba. Akiinama, mshale unakimbia huku na huku. Kwa hiyo mimi ndiye ninayepiga magoti na kusoma. Alianza na mia moja na nne. Wiki ya kwanza nikasoma mia moja na nne. Wiki ya pili nikasoma mia moja na tano, akateremka, akaenda dukani kwenye kona, akarudi na maandazi manne. Aliyala yote amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. "Basi ninatembea bure," akasema. "Ninakula majani kama mbuzi, bure." Jumatatu hakuamka kutembea. Jumanne hakuamka. Jumatano nilimbembeleza kama mtoto wa chekechea.

Jumamosi ya tatu nikapiga magoti. Mshale ulikuwa palepale kwenye mia moja na tano. Nikasikia sauti yake juu yangu, "Inasemaje?" Mama, sikupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe ukasema, "Mia na tatu, Shangazi." Akainua mikono akamshukuru Mungu, akanishika kichwa akanibariki. Wiki ile alitembea siku zote saba.

Baada ya hapo ningerudije? Kila Jumamosi nilitoa moja. Mshale wenyewe umeshuka pia, lakini polepole, na mimi nimekuwa mbele yake muda wote. Jumamosi iliyopita ulisema mia moja na mbili. Mimi nilisema tisini na saba.

Amewaambia wanawake wote wa kwaya kwamba amepungua kilo saba. Wengine wanampongeza. Mmoja alimvuta pembeni kumuuliza kama anaumwa, maana unajua mtu mzima akikonda watu wanaanza kuhesabu mengine. Ila Mama Nderingo, rafiki yake wa siku zote, alimzunguka kama anayechagua ng'ombe mnadani, akasema, "Kilo saba, mwenzangu? Mbona gauni ni lilelile na limebana palepale? Au zimetoka masikioni?" Watu wakacheka, Shangazi akacheka zaidi yao. Mimi nilikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Jumapili hii anatoa sadaka ya shukrani kanisani. Ameshamwambia mzee wa kanisa. Mkungu wa ndizi umeshafika kutoka mlimani, trei ya mayai iko chini ya kitanda, na atasimama mbele ya usharika kushuhudia kilo zake saba.

Lakini hata hilo silo linalonitetemesha. Jana nilikuwa natafuta kibiriti, nikafungua kopo la sukari la zamani ambalo siku hizi halina sukari. Ndani nikakuta vidonge vya presha. Karatasi mbili nzima, hazijaguswa. Nilipomuuliza kama amekunywa dawa alisema, "Dawa ni za wagonjwa, Naomi. Mimi nimeshapungua kilo saba." Alisema kwa furaha kabisa. Leo asubuhi tulipofika kwenye kona alisimama, akashika ukuta wa watu, akasema anaona nyota. Kisha akasema ni njaa tu.

Si njaa, Mama. Ni mimi. Aliacha dawa kwa sababu ya namba niliyoitunga. Nikimwambia atanichukia na labda ataacha kila kitu. Nisipomwambia, naogopa hata kumalizia sentensi hii. Anaamka sasa hivi, namsikia anaburuza malapa. Nitaendelea.

Jumapili, saa tisa mchana

Mama, nimemwambia.

Ilikuwa Ijumaa, kabla ya kutembea. Usiniulize nilipata wapi nguvu, sikuzipata. Nilimwambia tu, "Shangazi, tupime leo, tusingoje kesho." Akapanda mzani anaimba. Nikapiga magoti, na maneno yakagoma kutoka. Ndipo nikachukua simu yake kitandani, nikapiga picha mshale pamoja na vidole vyake vya miguu, nikampa simu.

Akaikuza picha kwa vidole viwili. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Hii ni ya lini?"

"Ya sasa hivi, Shangazi."

"Mia na mbili?"

"Ndiyo."

"Na ile tisini na saba?"

"Haikuwepo."

Alikaa kitandani. Mguu mmoja ulibaki juu ya mzani na mshale ukawa unatetemeka. Aliuliza tangu lini, nikasema tangu Jumamosi ya tatu. Akauliza, "Ulikuwa unanicheka na wenzako?" Nikasema sina wenzangu huku, nilikuwa naogopa ataacha kutembea. Halafu kwa sababu nilishaanza, nikasema na la pili, kwamba vidonge nimeviona kwenye kopo na kwamba ile kushika ukuta si njaa. Alisema tu, "Nenda kaepue maharage."

Maharage hata hayakuwa yamebandikwa. Nilikaa jikoni nikisikiliza. Nikaingia chumbani kwangu nikakunja nguo zangu ndani ya begi, maana niliona mchana hautafika nikiwa bado hapa. Nilipofika kwenye sketi ya shule akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa gauni la kutokea na raba zake.

"Unakwenda wapi na hilo begi?"

"Sijui, Shangazi."

"Kama hujui, liache. Vaa viatu, twende tukapimwe presha."

Njia nzima alitangulia. Mimi nilimfuata nyuma nikihesabu pumzi zake. Muuguzi alimpima mkono wa kulia, kisha akampima na wa kushoto. Akamwambia akae atulie, akarudi baadaye akapima tena. Kisha akauliza, "Mama, dawa umeacha lini?" Shangazi akanitazama mimi kwanza, ndipo akasema ni kama wiki mbili. Walimlaza pale mpaka alasiri. Walimpa dawa wakawa wanakuja kumpima kila baada ya muda. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje nimeshika mkoba wake. Mama, kama lingetokea jambo ningemwambia nini Baba? Nilijaribu kupanga hayo maneno nikashindwa, nikawa nasoma lile bango la kunyonyesha watoto, nalisoma mpaka mwisho naanza tena.

Presha ilishuka. Muuguzi alipomruhusu alimwambia mbele yangu, "Upungue, usipungue, dawa unakunywa mpaka tukwambie sisi. Dawa haiachwi kwa furaha." Akampima uzito, akalinganisha na kadi yake, akasema kilo mbili hizo asizidharau, kwani hazikuja kwa kujinyima na zina nafasi nzuri ya kudumu kuliko saba za haraka. Aendelee vilevile, na mzani asiupande kila saa.

Tulirudi taratibu. Karibu na nyumbani ndipo Shangazi aliponiambia, "Sikiliza, Naomi. Nina miaka hamsini na nane. Nimeshazika mume. Kulia kwa ajili ya mzani kungeniua? Ningelia, ningekula maandazi yangu, yangeisha. Siku nyingine nikikuuliza kitu niambie kilivyo." Nikasema nisamehe Shangazi. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe, amesema amesikia. Jioni alikunywa kidonge mbele yangu akafungua mdomo wazi nione kimekwenda, kama mtoto, na hapo nikacheka bila kutaka, na yeye akacheka.

Ikabaki Jumapili. Nilidhani atamwambia mzee wa kanisa aahirishe. Leo asubuhi akaniambia nibebe mayai.

Alipoitwa alisimama mbele na mkungu wake wa ndizi miguuni. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Nilijua atasema ukweli, na ukweli una jina langu. Akasema, "Niliwaambia kilo saba. Naomba mniwie radhi, ni mbili." Kanisa zima likacheka. Mama Nderingo akauliza kwa sauti kutoka kwenye kwaya, "Na tano zimekwenda wapi, mwenzetu?" Shangazi akamjibu, "Nilisoma mzani vibaya. Nilikuwa nausoma mwenyewe kwa hamu yangu, nikawa naona ninachotaka kuona. Nikajivuna hata dawa nikaacha, na nusura nianguke njiani. Kwa hiyo leo ninashukuru kwa mbili na kwa kuwa nimesimama. Na nyie mnaokunywa dawa za presha, kunyweni." Watu wakapiga makofi. Mayai yalinadiwa, Mama Nderingo akayanunua.

Aliporudi kukaa hakuangalia upande wangu. Mpaka sasa hatujalizungumza. Amelala kidogo, na kesho tunatembea kama kawaida.

Nisalimie Bibi, mwambie soksi za sufu nimemnunulia. Wasalimie wadogo zangu wote wawili, na yule wa mwisho asiguse madaftari yangu. Msalimie mama mdogo na mume wake, na mama mlezi wa kipaimara changu, mwambie naenda kanisani kila Jumapili.

Baba unaweza kumwambia yote niliyoyafanya mimi. Msomee, hata akikasirika, maana ni dada yake na ni haki yake kujua. Ila pale pa kanisani, Mama, paruke. Shangazi hajawahi kusoma ule mzani hata mara moja. Alisimama madhabahuni akasema si kweli ili mimi niweze kupita mlango wa kanisa na watu bila aibu. Hilo usimwambie Baba, usimwambie Bibi, na siku Shangazi akija huko usimwonyeshe kwamba unajua.

Mwanao,
Naomi