Kaseti Iliyorudi kutoka Mutsamudu: Kumkumbuka Mwalimu Chadhouli

Leo umetimia mwaka, Baba Soumaya, tangu ulipojilaza baada ya sala ya adhuhuri, mwezi kumi na tisa Ramadhani, ukasema unapumzisha mgongo tu na alasiri tukuamshe. Tulikuja kukuamsha. Mwenyezi Mungu alikuwa ameshakuita, nasi tukabaki na saumu yetu na kilio chetu.

Ndugu zako walikaa wakaamua kalamu niishike mimi, ati kwa sababu mimi ndiye mwenye maneno mengi nyumbani. Sikubisha. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichozungumza ndani mwetu miaka ishirini na sita, mimi binti wa Wangazija wa Unguja, na wewe kijana wa Moroni uliyejifunza lugha yangu ili uje kwa baba yangu useme mwenyewe. Ulikisema vibaya mpaka mwisho. Nilikipenda hivyo hivyo.

Tunakukumbuka kila Alhamisi ukienda Ntsoudjini kwa miguu kuwafundisha wasichana fidla, na fidla yenyewe umeizungushia kanga yangu mpya, si kuukuu, mpya. Tunakumbuka ulivyopiga pasi shati lako mwenyewe, hukumwamini mtu na kola yako. Na ule uma wako wa kulinganishia sauti, kile chuma chenye meno mawili: unaupiga gotini, unauweka sikioni, unafumba macho. Uliupiga kabla ya kila somo, na siku nyingine mezani wakati sisi tunakula. Wageni walidhani una maradhi.

Kuimba hukujaliwa, na hilo uliliungama mwenyewe. Lakini sikio lako! Ulijua birika letu na la jirani kwa mlio, nami sikuweza kukudanganya kwamba maji yamechemka.

Wanaosoma hapa huenda wasijue kazi uliyoifanya, kwa hiyo niiseme. Wewe na wenzako mlianzisha Chama cha Walimu wa Muziki wa Visiwa. Mwaka mmoja mlikutana Moroni, mwaka wa pili Mutsamudu, na kisiwa cha Mwali wakatuma mtu wao popote palipo. Siku ya kwanza mlinunua uma wa sauti moja kwa kila kisiwa, ili ile sauti ya "la" ya huku Ngazija iwe ndiyo "la" ya kule Nzuani. Wa Ngazija ukakaa kwako. Wa Nzuani ukakaa kwa Mwalimu Assoumani wa Mutsamudu, rafiki yako mliyegombana kila mlipokutana, mkaandikiana barua mkiachana.

Sheria ya mtihani uliiandika wewe. Mwalimu hamtahini mwanafunzi wa kisiwa chake. Wa Moroni watahiniwe na wa Mutsamudu, na wa Mutsamudu na wa Moroni, kwa sababu sisi tunajuana mno: huyu mtoto wa shangazi, yule babake alikuja kwenye arusi yetu, basi wote wanafaulu. Na jina la mtahiniwa halisemwi. Anakaa nyuma ya pazia, msimamizi anagonga meza, mara moja kwa namba moja, mara nne kwa namba nne, kisha mtahiniwa anapiga gambusi au fidla yake. Mtahini anasikia mbao na nyuzi, basi. Watu walikucheka, wakasema huu ni mtihani au maulidi ya majini. Ukawaacha wacheke.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na saba, Nzuani wakajitenga, na mkutano wa Mutsamudu haukuwa. Wala wa mwaka uliofuata. Wanafunzi saba wa Moroni wakakaa wamekwisha kusoma na hakuna wa kuwatahini, na mmoja wao ni mwanetu Soumaya. Shule moja ya wasichana hapa mjini ilikuwa imemwekea nafasi ya kufundisha kuanzia Januari ya elfu mbili, kwa sharti moja: cheti cha Chama.

Aprili ya tisini na tisa watu wa Nzuani walipotimuliwa Moroni, uliwasindikiza majirani zetu hadi bandarini na godoro lao kichwani, mwalimu mzima mwenye kola yake. Wiki ya pili yake mwenyekiti wenu, Bwana Tawfik, akaitisha kikao. Hakuwa mtu mbaya, na hapa nasema mbele ya wote kwamba si mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama sote. Alitaka majina kumi na tisa ya Nzuani yafutwe katika daftari, na walimu wa Moroni wawatie sahihi wanafunzi wao wenyewe.

Daftari lilikuwa kwako, wewe ndiye katibu. Uliliweka chini ya paja ukalikalia. Wakakwambia Nzuani ndio waliojitenga, si sisi. Wakakwambia fikiri mwanao. Ndipo ukasema lile neno ambalo Bwana Tawfik amenikumbusha mara nyingi mwaka huu: "Nikiwafuta hao, nani atakayesema mwanangu anajua? Mimi babake?"

Wakakupa muda hadi mwisho wa Desemba. Kama cheti hakijatoka kwa sheria yako, daftari ulitoe, majina yafutwe.

Ukaja nyumbani unatembea kama aliyeshinda. Ukaniambia mtihani utakwenda Mutsamudu ndani ya kaseti. Mimi nikakwambia umerukwa na akili, nawe ukaniomba pazia la chumbani.

Basi wale saba wakaja kwetu alasiri moja ya Juni. Umeme haupo, kama kawaida, redio ya kaseti inakwenda kwa betri. Ukagonga meza, wakapiga, ukagonga, wakapiga. Mlipokwisha ukaisikiliza palepale kwa betri zilezile, ukatikisa kichwa kwa raha. Kaseti akapewa Bahiat, yule mfanyabiashara aliyerudi kutoka Majunga mwaka wa sabini na saba pamoja na Wasabena wengine, kama tunavyowaita wale waliofukuzwa huko, ambaye hakuna bahari inayomzuia. Akaifunga katika doti ya kanga akaondoka.

Jibu lilikuja Septemba, na kaseti yenyewe imerudishwa pamoja nalo. Wote saba wameanguka. Mwalimu Assoumani ameandika kwamba kila mmoja amekaza nyuzi kupita uma, karibu nusu sauti nzima, na wote wanakimbia kama wanafukuzwa.

Lo, siku hizo! Mji ulisema waliokataa nchi yetu wamekataa na watoto wetu. Bwana Tawfik akaja kulidai daftari, ukamwonyesha kalenda: Desemba bado. Soumaya hakukusemesha siku tisa. Siku ya kumi alikwambia, mbele yangu, "Baba, umenitoa sadaka kwa ajili ya daftari." Nami nilikuwa upande wake, mume wangu. Nakuomba radhi kwa hilo leo, kwa kuwa sikukuomba ukiwa hai. Nilikwambia kichwa chako kigumu kuliko mlango wa msikiti, na chakula cha usiku nikakuachia mezani bila ya kukaa nawe.

Wewe ulikuwa unaisikiliza ile kaseti tu. Jioni moja nilikuwa nimetia betri mpya redioni nisikie habari, ukaninyang'anya, ukaiweka tena. Kati ya namba tano na namba sita pakaingia adhana. Tulikuwa tumeisahau, ilinaswa kwa bahati mbaya siku ile ya Juni kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi. Nikauliza, hivi bila kufikiri, huyu mtoto anayeadhini ni nani?

Mwadhini wetu ni Mzee Moindjié. Mtaa mzima unamjua kwa sauti yake nzito, hata watoto wachanga wakimsikia hunyamaza. Na pale kwenye kaseti alikuwa anaadhini kwa sauti nyembamba ya mtoto wa chuo cha Kurani, tena kwa haraka, kama futari imeiva na yeye yuko mbali.

Ukanitazama. Kisha ukaanza kucheka, ukacheka hadi ukakaa chini. Betri zilikuwa zimechoka siku tuliponasa, mashine ikazunguka polepole, nawe ukaisikiliza kwa uchovu uleule ikasikika sawa. Kule Mutsamudu, Assoumani akatia mashine yake betri mpya, ikazunguka mbio, kila kitu kikapanda. Mzee Moindjié yeye hamjui, atajuaje? Na sauti yako hakuisikia, kwa sababu sheria yako mwenyewe imekataza mtu kusema. Alihukumu alichokisikia. Alihukumu sawa.

Kesho yake uliwaita wote saba na wazazi wao, ukamwita na Bwana Tawfik. Ulisimama uani ukasema kosa ni lako, si la watoto wala la Mutsamudu. Hukulizungusha. Nimeishi nawe miaka yote hiyo, na siku hiyo ndiyo niliyojivunia zaidi kuwa mkeo.

Mkanasa upya mwishoni mwa Shaabani, mkiharakisha kabla ya Ramadhani, maana mwezi huo nyuzi hazipigwi nyumbani kwetu. Safari hii betri mpya. Dirisha likafungwa. Na kabla ya namba moja ukaupiga uma gotini ukaushika mbele ya mashine, ukafanya hivyo kila baada ya mtahiniwa, na mwisho tena. Ukamwandikia Assoumani ashike wake sikioni: zikiwa sauti mbili usihukumu, irudishe, ikiwa moja endelea. Bahiat akaifunga kangani akaenda zake.

Tukafunga. Siku zikapita, jibu hakuna. Soumaya alikuwa ameshaanza kukusemesha, akikuletea kofia yako unapokwenda kuswali, nawe ukijifanya hukuona kwamba amekusamehe. Kisha ikaja siku ya kumi na tisa.

Bahiat alishuka Moroni siku ya tatu ya msiba. Hakujua. Alifika mlangoni kwetu na kapu lake, akaona viatu vya watu, akaelewa. Akaingia akakaa karibu nami, akalia sana, kisha akaniwekea mapajani bahasha yenye barua na kaseti. Desemba ilikuwa imebakiza siku mbili. Nilimwita Bwana Tawfik kutoka upande wa wanaume, maana Soumaya alikataa kuifungua, akaisoma barua yeye kwa sauti ili upande wa pili wa pazia wasikie.

Uma na uma ni sauti moja, ameandika Assoumani. Watano wamefaulu, wawili warudie. Namba nne ndiye bora wa wote. Bwana Tawfik akauliza namba nne ni nani, na kwa sheria mtahiniwa hajitaji, anayesema ni msimamizi tu, na msimamizi tumemzika. Ikabidi lifunguliwe daftari. Mwandiko wako ni mzuri, kila kitu kipo. Namba nne ni Soumaya Chadhouli.

Alilia mtoto wa watu, akasema "Baba" mara moja tu, basi. Bwana Tawfik akalifunga daftari, lakini hakuondoka nalo. Alimkabidhi Soumaya, akasema hakuna jina litakalofutwa humo wakati wa uenyekiti wake. Na kweli halijafutwa.

Lakini barua ilikuwa na mstari wa mwisho. Assoumani alikuwa ameandika kwamba upande wa pili wa kaseti kuna wanafunzi wanne wa Mutsamudu, nao wamengoja miaka miwili, na wanangoja sikio lako. Sikio lako lilikuwa limekwisha lala. Nani atawahukumu? Sheria inasema mwalimu mwenye cheti, wa kisiwa kingine. Baada ya Idi Soumaya alijifungia chumbani na uma wako, akawasikiliza siku tatu. Wa kwanza, wa pili na wa nne akawafaulisha. Namba tatu akamwangusha, akaandika ukurasa mzima wa sababu. Nikamwambia mwanangu, wewe mgeni katika kazi hii, na nyakati ni hizi, mpitishe. Akanijibu kwa sauti yako ileile, nikaenda kumletea chai.

Jibu la Assoumani lilikuja Februari: "Namba tatu ni binti yangu. Umemhukumu sawa. Nilipokuwa namlilia baba yako nilidhani nakililia na Chama, kumbe kipo."

Mwaka huu simu na Nzuani zimekatwa na mashua zimezuiwa. Kaseti zimezunguka kwa kisiwa cha Maore, zimechelewa, zimefika. Binti wa Assoumani amerudia mtihani, na amefaulu. Soumaya ana wasichana ishirini na wawili darasani, na hakuna somo linaloanza uma haujapigwa gotini. Shati lake anapiga pasi mwenyewe.

Na kuna jambo moja tulikuwa hatulijui hadi Soumaya alipofikia mwisho wa upande wako wa ile kaseti. Uma umelia kwa mara ya mwisho, na wewe, mtunga sheria, umechelewa kubonyeza mashine. Umesema. Umesema kwa Kiswahili chako kibovu: "Batoul, hiyo chai inakuja, au nayo mpaka igongewe meza?"

Ndiyo sauti yako pekee tuliyobaki nayo. Alasiri ya Ijumaa tukiitaka, Soumaya hutia betri mpya, huupiga uma wako, husikiliza na ule wa kwenye kaseti. Zikiwa sauti moja tunajua ni wewe hasa, hukupanda wala hukushuka. Hapo ndipo tunakuacha useme.

Unakumbukwa na mimi mkeo Batoul, mwanao Soumaya, dada yako Kamaria na watoto wake wa Ntsoudjini, shemeji zako wa Unguja, Bahiat, Mzee Moindjié, Bwana Tawfik na walimu wote wa Moroni, Mwalimu Assoumani na walimu wote wa Mutsamudu, majina arobaini na moja, na lako bado limo.

Mwenyezi Mungu akupe Pepo. Sisi siku zetu zote tutakukumbuka.